Picha Bila Sauti: Filamu Zilizopotea za Vugiri (1935–1937) na Funzo la Masasi na Newala kwa Utafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Kati ya mwaka 1935 na 1937, filamu 35 za kufundishia zilitengenezwa Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment. Ni filamu 3 tu kati ya hizo zinazojulikana kuwapo hadi leo. Makala haya yanafafanua kwamba kilichopotea si kitu kimoja bali viwili: picha iliyokuwa kwenye mkanda, na sauti iliyokuwa nje ya mkanda. Kwa mtafiti wa Kiswahili, hasara kubwa zaidi ni hiyo ya pili. Hoja hii inajengwa kwa kulinganisha filamu za Vugiri na kazi iliyofanyika Masasi na Newala mwaka 1906, ambako mashine ya picha na mashine ya sauti zilifika katika msafara mmoja, na pia na filamu zilizopotea za Kitamil nchini India. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza namna ya kutafuta, kuorodhesha na kuhifadhi sauti katika tafiti za sasa.

1.0 Utangulizi

Mhakiki anapokutana na maneno "filamu iliyopotea", aghalabu hufikiria mkanda ulioungua, uliooza au uliotupwa. Dhana hiyo inatosha pale ambapo picha na sauti vimo katika mkanda mmoja. Haitoshi kwa filamu za Vugiri. Filamu hizo zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 16 usiobeba sauti. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha, na pale ilipohitajika msimulizi alisimama mbele ya hadhira akazungumza kwa kipaza sauti. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za maelezo hayo.

Hivyo basi, mtafiti anayeuliza kama filamu fulani ipo au haipo anauliza maswali mawili kwa pamoja bila kujua. Mkanda waweza kuwapo ilhali sahani imepotea. Katika hali hiyo orodha ya makavazi itaandika kwamba filamu imesalimika, na itakuwa imesema kweli kwa upande wa picha. Kwa upande wa lugha, kilichosalimika ni watu wanaotembea na kufanya kazi kimya kimya.

Eneo la Masasi na Newala limechaguliwa kwa kulinganishwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni huko ambako kamera ya filamu na fonografu zilitumiwa na mtafiti mmoja takriban miaka thelathini kabla ya Vugiri, na mazao ya mashine hizo yakapata hatima tofauti. Pili, ni eneo ambalo Kimakonde, Kiyao, Kimakua na Kiswahili huishi pamoja, kwa hiyo swali la nani anasema, kwa lugha gani na kwa hadhira ipi haliwezi kuwekwa kando.

2.0 Kiunzi cha uchambuzi

Makala haya yanaegemea mtazamo wa Mulokozi (1989), anayeiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha wa kijamii. Katika mtazamo huo, fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati hutegemeana. Ukiondoa kimojawapo, kinachobaki si utendaji uleule.

Mtazamo huu haukuundwa kwa ajili ya filamu. Hata hivyo, unafaa hapa kwa kuwa onyesho la sinema ya kufundishia kijijini halikuwa mkanda peke yake. Lilikuwa na mahali, yaani uwanja mbele ya boma, shule au soko. Lilikuwa na wakati, yaani baada ya jua kutua. Lilikuwa na hadhira iliyoketi pamoja, ikicheka na kuulizana. Na lilikuwa na sauti ya anayeeleza. Msimulizi wa santuri au wa kipaza sauti alikuwa fanani wa aina mpya. Tofauti ni kwamba fanani wa santuri hakuweza kuiona hadhira yake wala kubadili neno pale watu walipokunja uso.

3.0 Mradi wa Vugiri na filamu zake

Chimbuko la mradi lilikuwa Baraza la Kimataifa la Misheni. J. Merle Davis, mkurugenzi wa idara ya utafiti wa kijamii na viwanda ya baraza hilo, alikuwa ameongoza uchunguzi juu ya athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kwa maisha ya Waafrika, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1933. Moja ya fikra zilizotokana na kazi hiyo ilikuwa kutumia sinema kuwaelimisha watu juu ya mabadiliko yaliyokuwa yakiwakabili. Fedha zilitolewa na Carnegie Corporation ya New York. Uongozi wa kazi huku Afrika Mashariki ulikuwa mikononi mwa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Latham alikuwa amewahi kuongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini.

Wawili hao waliandika taarifa ya kazi yao katika kitabu The African and the Cinema, kilichochapishwa London mwaka 1937. Kitabu hicho ndicho chanzo kikuu cha habari za filamu ambazo hazipo tena. Mada zake zinaonyesha vipaumbele vya serikali na misheni vya wakati huo: kodi, uchifu, mmomonyoko wa udongo, ngozi za mifugo, kahawa, malaria ya watoto, na uwekaji wa akiba. Ilikuwapo pia hadithi ya sungura na chui.

Filamu zilioneshwa kwa safari za lori lililobeba projekta na jenereta, katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Waafrika waliigiza katika filamu hizo na wengine walifundishwa kazi za maabara huko Vugiri. Fedha za Carnegie zilipokwisha mwaka 1937, serikali za makoloni hazikuuendeleza mradi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1939, Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, ikiwa na mipango na watu wake.

Filamu tatu zilizosalimika zimo katika hifadhi ya British Film Institute. Zinafahamika kwa majina ya Veterinary Training of African Natives, Tropical Hookworm, na African Peasant Farms – the Kingolwira Experiment, zote za mwaka 1936. Kingolwira ni karibu na Morogoro. Msomaji atambue kwamba majina yote matatu ni ya Kiingereza. Mtu anayetafuta historia ya Kiswahili katika orodha hiyo hatakiona, ingawa filamu za mradi huu zilikusudiwa watu waliosikia maelezo yake kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Kiafrika.

4.0 Jinsi picha na sauti zinavyoachana

Kwa nini sauti hutangulia kupotea? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Mkanda na sahani huendeshwa na mashine mbili. Mwendeshaji hulazimika kuanzisha zote mbili kwa wakati mmoja na kuziacha ziende pamoja. Mkanda unapokatika hukatwa sehemu iliyoharibika na kuunganishwa upya, sahani haikatwi. Ikiwa mkanda unakwenda kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde na picha 48 zimeondolewa, tangu hapo picha itaitangulia sauti kwa sekunde 2. Msimulizi atasema "tazama mkono wake" wakati mkono umekwisha kupita. Kila kiraka huongeza pengo, hadi sahani inakuwa haina kazi kwa mkanda huo hata kama ni nzima. Isitoshe, sahani ya santuri huchakaa kwa sindano na huvunjika njiani.

Sababu ya pili ni ya kitaasisi. Mkanda wa milimita 16 ni wa asetati, ulioitwa mkanda salama kwa kuwa haushiki moto kwa urahisi kama mkanda wa naitreti uliotumiwa katika majumba makubwa ya sinema. Asetati huharibika kwa joto na unyevu, ikatoa harufu ya siki na kukunjamana, lakini huharibika taratibu, na ikitunzwa hudumu kwa miongo mingi. Kwa hiyo moto, ambao umeteketeza filamu nyingi duniani, si maelezo ya kutosha kwa Vugiri. Mradi ulikuwa wa muda, ulikuwa wa wafadhili, na ulipofungwa haukuacha taasisi nchini ambayo kazi yake ilikuwa kuyatunza mazao yake. Chenye wengi wa kukitumia na kisicho na wa kukitunza hakikawii kupotea.

Sababu ya tatu ni ya kiorodha. Watunzaji wa makavazi ya filamu hutafuta filamu. Sahani ikifika mikononi mwao bila mkanda, ni santuri tu. Ikifika katika makavazi ya sauti bila mkanda, ni maelezo yasiyojulikana yanaeleza nini. Vitu viwili vilivyokuwa kimoja vikitengana, kila kimoja hupoteza jina lake.

5.0 Kilichokuwa katika sauti

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa hasara hii. Filamu juu ya benki ya akiba ya posta ilieleza habari za wafanyakazi wawili waliopata mshahara. Mmoja alizika fedha zake ardhini na mwizi akazichukua. Mwingine alizipeleka posta zikawa salama. Muhtasari huo tunao. Hatuwezi, kwa muhtasari huo, kujibu maswali ambayo mhakiki wa Kiswahili angeyauliza kwanza.

Mtu anayezika fedha chini ya ardhi anaonekana kwenye picha akichimba na kufukia. Picha haisemi kama ni mpumbavu, mwenye tahadhari au maskini asiyekuwa na njia nyingine. Ni sauti inayoamua. Msimulizi akimwita "mjinga huyu", hadhira inaalikwa kumcheka. Akimwita "ndugu yetu", inaalikwa kumhurumia. Akinyamaza, mzee aliyeketi mbele, ambaye naye amezika akiba yake, anaweza kumtetea. Msimamo wote wa kisiasa wa filamu umo katika uteuzi huo wa neno moja.

Vivyo hivyo kwa filamu ya minyoo. Jina la Kiingereza limesalia. Kwa Kiswahili, je, hadhira iliambiwa habari za "safura", neno ambalo watu walilijua kwa weupe na uchovu wa mgonjwa, au iliambiwa habari za mdudu anayeingia kupitia wayo wa mguu? Neno la kwanza linaanzia kwa mgonjwa. La pili linaanzia kwa daktari. Tofauti hiyo ndiyo historia ya istilahi za afya katika Kiswahili, na ushahidi wake ulikuwa kwenye sahani.

Wakati wenyewe unaongeza thamani ya ushahidi huo. Lahaja ya Kiunguja ilikuwa imechaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930. Maelezo ya Vugiri yalitolewa miaka mitano tu baadaye, kwa masikio ya watu wa bara. Kumbukumbu za maandishi za kipindi hicho zipo: vitabu vya shule, magazeti, kamusi. Kiswahili cha mdomo kilichotamkwa kwa ajili ya hadhira ya vijijini ni adimu.

6.0 Masasi na Newala, 1906

Mwaka 1906, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alifika Lindi akaingia bara hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Masasi iko chini ya miinuko ya mawe. Newala iko juu, kwenye ukingo wa Uwanda wa Juu wa Makonde unaotazama bonde la Ruvuma. Alibeba kamera ya picha, kamera ya filamu na fonografu ya silinda za nta. Kitabu chake cha safari kilitoka mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1909.

Mazingira ya safari hiyo hayapaswi kusahauliwa. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwaka 1905, na kituo cha misheni cha Masasi kilikuwa kimechomwa. Weule alisafiri na askari. Watu waliocheza ngoma mbele ya kamera walikuwa watu ambao nchi yao ilikuwa imetoka kupigwa. Hakuna ngoma inayoweza kusomwa kama tukio, kwa maana ya Mulokozi, bila kuhesabu bunduki iliyosimama kando ya uwanja.

Kwa hoja ya makala haya, jambo muhimu ni kwamba hata hapa picha ilikwenda kwenye mashine moja na sauti kwenye nyingine. Sauti zilifika katika hifadhi ya fonografu ya Berlin, ambayo makusanyo yake yaliingizwa mwaka 1999 katika rejesta ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 1909, Erich von Hornbostel alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi zilizorekodiwa na Weule. Wanyamwezi hao walikuwa wapagazi wa msafara. Sauti iliyopata kusikilizwa na kuchambuliwa mapema hivyo kutokana na safari ya kusini ilikuwa, kwa hiyo, ya wageni waliobeba mizigo kutoka mbali, wala si ya wenyeji wa Masasi au Newala.

Funzo linalotokana na hapa ni la pande mbili. Silinda ya nta ni dhaifu kuliko sahani ya santuri, lakini ilisalimika kwa sababu ilipelekwa mahali ambapo sauti ilikuwa ndiyo kazi ya taasisi. Wakati huohuo, kusalimika kwa sauti hakuthibitishi kwamba ni sauti ya mahali panapotajwa kwenye lebo. Mtafiti sharti aulize daima: nani anaimba, kwa lugha gani, na alifikaje hapo?

7.0 Ulinganisho: Kitamil na taarabu

Historia ya filamu za Kitamil inatoa sura ya pili ya tatizo hili. Filamu ya Kalidas ya mwaka 1931, iliyoongozwa na H. M. Reddy na kuchezwa na T. P. Rajalakshmi, huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya Kitamil yenye sauti. Haipo tena. Yenyewe pia ilikuwa na lugha zaidi ya moja: mwigizaji mkuu alizungumza Kitamil ilhali wenzake walizungumza Kitelugu. Filamu nyingi za Kitamil za miaka ya 1930 na 1940 zimepotea kwa namna hiyo. Hifadhi ya taifa ya filamu ya India ilianzishwa mwaka 1964, wakati hasara ilikuwa imekwisha kutokea.

Hata hivyo, watafiti wa Kitamil hawakuachwa mikono mitupu. Nyimbo za filamu ziliuzwa kwa santuri, na vijitabu vya nyimbo vyenye muhtasari wa hadithi viliuzwa milangoni mwa majumba ya sinema. Picha imetoweka lakini maneno yamebaki majumbani mwa watu. Vugiri ni kinyume chake: picha chache zimebaki na maneno yametoweka.

Kwetu pia tunao mfano wa maneno yaliyobaki. Siti binti Saad alirekodi nyimbo zake za kwanza za Kiswahili huko Bombay mwaka 1928. Santuri zake ziliuzwa kwa wingi pwani, zikahifadhiwa majumbani, zikachezwa hadi zikakwaruza, na nyimbo zikaingia vinywani. Kwa hiyo santuri kama chombo haikuwa kikwazo. Kilichotofautisha ni umiliki. Sahani za Siti zilikuwa mali ya wasikilizaji. Sahani za Vugiri zilikuwa mali ya mradi. Wasikilizaji walikuja, wakasikia, wakaenda zao, na lori likaondoka na sauti.

8.0 Njia za utafiti zinazopendekezwa

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila filamu ya kufundishia ya kipindi cha ukoloni iorodheshwe kama vitu viwili: mkanda kwa upande mmoja, na kila maelezo ya kila lugha kwa upande mwingine. Kichwa cha Kiingereza kisichukuliwe kuwa jina pekee la kazi.

Pili, sauti itafutwe mahali pake. Mradi wa Vugiri ulizaliwa na misheni na kufadhiliwa na shirika la Marekani. Kwa hiyo nyaraka za misheni, nyaraka za Carnegie, na majalada ya idara za elimu, afya na kilimo katika Makavazi ya Taifa ya Tanzania ni mahali pa kutafuta si sahani tu bali pia miswada ya maelezo iliyopigwa chapa kabla ya kurekodiwa. Mswada mmoja wa Kiswahili utakuwa na thamani kuliko mikanda kadhaa bubu.

Tatu, kumbukumbu za hadhira zikusanywe sasa. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1936 angekuwa anakaribia miaka 100. Lakini magari ya sinema yaliendelea kuzunguka Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilitengenezwa filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu, ambamo aliigiza Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Watoto wa wakati huo sasa wamefikia au wamevuka miaka 80. Katika vijiji vya Masasi na Newala, mtafiti asianze kwa kuuliza "mliona nini?" Aanze kwa kuuliza "nani alikuwa akisema, kwa lugha gani, na aliyekaa karibu yako alikutafsiria vipi?" Swali la kwanza huleta picha ambazo pengine zimechanganyika na filamu za Kihindi au za miaka ya baadaye, la pili huleta tukio.

Nne, na hili linatuhusu sisi wenyewe, tasnifu zetu zisirudie kosa la Vugiri. Mtahiniwa anayekwenda Newala kurekodi nyimbo, ngano au mazungumzo hurudi na saa nyingi za sauti. Tasnifu inayowasilishwa huwa na maandishi: unukuzi, tafsiri, uchambuzi. Maandishi huingia katika hazina ya chuo na kusomwa popote. Sauti hubaki katika simu au kompyuta ya mtahiniwa, na kifaa kikiharibika au kuibwa, imekwenda. Mtahini anayetaka kuhakiki toni ya neno la Kimakonde au kicheko cha hadhira hana pa kwenda. Ni filamu ya Vugiri kwa sura nyingine: nusu moja ya tukio imetunzwa kwa uangalifu, na nusu ya pili imeachwa njiani.

Pendekezo ni kwamba rekodi za uwandani ziwasilishwe pamoja na tasnifu, nakala moja ibaki chuoni na nyingine irudishwe mahali ilikotoka, kwa mfano katika maktaba ya shule au ofisi ya utamaduni ya wilaya. Sharti la ridhaa lizingatiwe. Nyimbo na mafunzo ya jando na unyago yana mipaka ya nani anaruhusiwa kusikia. Rekodi za aina hiyo zihifadhiwe kwa masharti yatakayowekwa na wenyewe, au zisichukuliwe kabisa.

9.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba filamu za Vugiri zilipotea mara mbili, na kwamba hasara ya sauti haionekani katika orodha zinazohesabu mikanda. Masasi na Newala zimeonyesha kuwa kitu dhaifu hudumu kikipata mtunzaji, na kwamba kudumu kwake hakutoshi bila kujua ni sauti ya nani. Kitamil na taarabu vimeonyesha kuwa maneno hubaki pale yanapokuwa mikononi mwa wengi. Mikanda 32 haijulikani iliko, na jitihada za kuitafuta ni za wataalamu wa filamu. Kutafuta maneno yaliyosemwa juu yake ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili, na mashahidi wa mwisho wa magari ya sinema hawatasubiri ratiba za vyuo.